Ulimi wa mama mkwe: mmea wa Kongo wenye unakufa juu ya maji

Unauona kwenye mlango wa banki, pembeni ya meza ya sekretere, kwenye baraza za nyumba za Bukavu, Goma na Lubumbashi: majani marefu na magumu, yenye kusimama wima kama visu, na mistari ya kijani-kijani. Mingine iko na ukingo wa manjano. Wenye kusema Kifaransa wanauita langue de belle-mère, ulimi wa mama mkwe, juu ya ncha yake kali. (Wamama wakwe wenyewe hawakuulizwa.)

Wengi wanafikiri ni ua lenye lilitoka Ulaya, sababu wanalionaga kwanza kwenye maofisi. Hapana. Asili yake ni Afrika, kuanzia Nigeria mpaka huku Kongo. Wataalamu wanauita Dracaena trifasciata. Vitabu vya zamani vinaandika Sansevieria. Ule wa ukingo wa manjano unaitwa Laurentii, kwa jina la Émile Laurent, profesa wa Gembloux katika Ubelgiji, aliyezunguka Kongo akikusanya mimea na akafa mwaka wa 1904 wakati alikuwa anarudi kwao.

Sasa, juu ya nini mmea wenye hauombi karibu kitu unakufa katika nyumba nyingi? Sababu watu wanautunza kama lengalenga: maji asubuhi, maji jioni.

Mahindi ao maharagi vinafungua mchana matundu madogo sana ya majani ili vivute gazi karboniki. Kwa matundu hayo hayo maji yanatoka kama mvuke, ndiyo maana jua likikaza vinanyauka. Ulimi wa mama mkwe unafanya kinyume. Mchana unafunga. Unafungua usiku, wakati hewa imepoa, unavuta gazi na kuiweka ndani ya majani kama asidi. Jua likitoka, unaitumia kutengeneza chakula chake huku matundu yamefungwa. Maji yenye unapoteza ni kidogo sana, na tena unayaweka akiba ndani ya majani manene na ndani ya mzizi mnene wenye unatambaa chini ya udongo. Ukiuongezea maji kila siku, yanakosa fasi ya kwenda. Udongo unabaki tope, mizizi inakosa hewa, inaoza.

Kuoza huko kunaanza chini, fasi yenye jicho halifiki. Jani linaweza kusimama majuma mengi likiwa zima juu, kumbe chini limekuwa laini na linanuka. Kisha siku moja linaanguka, na mwenye nyumba anasema: “Lilikosa maji,” anaongeza tena. Kiu haiko hivyo. Kiu inakuja polepole na inaonekana: jani linajikunja kwa urefu, linafanya makunyanzi. Ukimwagilia, linarudi. Kwa hiyo, ukiwa na mashaka, afazali usimwagilie.

Chukua kijiti kikavu, kiingize mpaka chini ya chungu, ukiache dakika chache. Kikitoka na udongo wenye kushikamana, ngojea. Kikitoka kikavu, mimina maji mpaka yatoke kwa matundu ya chini, kisha mwaga yenye yalibaki kwenye sahani. Katika nyumba za Bukavu, wakati wa mvua, inaweza kupita majuma matatu ao mane bila kumwagilia. Usimimine katikati ya majani, maji yanalala pale.

Chungu bila tundu ni kaburi. Ndoo ya rangi iliyokwisha inafaa kabisa, lakini itoboe kwanza. Udongo mweusi wa shamba peke yake unashika maji sana. Uchanganye na mchanga ao changarawe. Wakaaji wa Goma wana bahati hapa: vipande vidogo vya mawe ya volkano, vyenye matundu-matundu, vinapitisha maji vizuri.

Baridi nayo ni adui. Chini ya digrii 10 mmea unaumia. Lubumbashi, usiku wa mwezi wa sita na wa saba, uingize ndani, na maji uyapunguze zaidi, hata kama hewa ni kavu. Wakati huo haukomai.

Kuna neno lingine lenye linazunguka: kwamba mmea huu unasafisha hewa ya nyumba. Linatoka kwenye majaribio ya NASA ya mwaka wa 1989, yenye yalifanywa ndani ya masanduku yaliyofungwa. Chumba cha watu haiko sanduku. Kufungua dirisha kunafanya kazi kubwa kuliko vyungu vingi. Na moshi wa makala ni jambo jingine kabisa. Mbabula ikiwaka ndani ya chumba kilichofungwa inatoa gazi yenye haina harufu, inaua watu wakiwa wamelala. Hakuna mmea wenye utawaokoa. Mbabula itoke nje mbele ya kulala.

Watoto wadogo, mbwa na paka wasiutafune: unaleta kutapika na kuhara.

Kwa wenye kuuzalisha ili wauze, kuna mtego. Jani likikatwa vipande vya karibu sentimeta 10, likakauka siku mbili na kupandwa upande wa chini ukiwa chini (ukigeuza, halitoi mizizi), litatoa mmea mpya baada ya miezi. Lakini kwa Laurentii, mtoto huyo atakuwa wa kijani tu. Chipukizi linatoka kwenye seli za ndani, zenye hazina alama ya manjano. Mnunuzi aliyelipia manjano atasema ameibiwa. Kushika rangi, inaomba kungoa mmea mzima, kukata mzizi mnene kwa kisu safi pamoja na chipukizi lake, kuacha kidonda kikauke, kisha kupanda. Vipande vya jani viuzwe kwa bei ya kijani.