Kupungua kwa Kukabana

Anthony Bourdain, mpishi na mtangazaji maarufu wa Marekani, alianza jujitsu ya Brazil, mchezo wa kukabana, akiwa na miaka 58. Alikuwa amevuta sigara kwa miaka mingi, na riziki yake ilikuwa kuzunguka dunia akila mbele ya kamera. Aliyemvuta mkekani alikuwa mkewe, Ottavia, aliyemtangulia katika mchezo huo. Bourdain akanogewa. Akawa anafanya mazoezi karibu kila siku katika chuo cha Renzo Gracie jijini New York, na hata safarini alitafuta ukumbi wa kukabana. Mwili ukapungua, na mwaka 2016 akatwaa medali ya dhahabu katika kundi la watu wa umri wake wenye mkanda wa bluu.

Wengi wetu huacha mazoezi kwa sababu yanatuchosha akili kabla hayajauchosha mwili. Mashine ya kukimbilia haikuulizi swali lolote. Mkekani kuna mtu amekukalia kifuani, na usipofikiri hutoki. Usiku unalala ukiwaza mkono uliouacha wazi ukakabwa shingo. Kesho unarudi kuutafutia dawa. Anayerudi ndiye anayepungua.

Mchezo wenyewe hauhitaji ubabe, na asili yake inaonyesha hivyo. Mwanajudo wa Kijapani, Mitsuyo Maeda, alifika Brazil mwaka 1914, na baadaye akamfundisha Carlos Gracie. Hélio, mdogo wake Carlos, alikuwa na umbo jembamba, akaegemea wenzo na subira badala ya misuli. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika chini, kwa hiyo mtu mzito asiyeweza kukimbia hata kilomita moja ana pa kuanzia. Atahema, bila shaka: dakika tano za kusukumana na mtu asiyetaka kusukumwa huamsha mapaja, nyonga, mgongo na vidole kwa pamoja.

Kukabana mfululizo hutumia nguvu zinazokaribiana na za kukimbia kilomita 10 kwa saa. Lakini darasa la saa moja si saa moja ya kukabana. Kuna kupasha mwili moto, kuna kumsikiliza mwalimu. Na njaa inayofuata ni kali. Sahani ya chipsi kuku na soda baridi vinaweza kurudisha yote uliyoyatolea jasho, hivyo asiyebadili mlo wake asiilaumu jujitsu.

Mwenye presha, kisukari au goti bovu amwone daktari kwanza. Mwanzoni, mara mbili kwa wiki zinatosha. Chagua mwalimu asiyewatupia wageni vijana wenye papara, na ukikabwa gonga mapema ili mwenzako akuachie, kabla kiungo hakijauma. Kata kucha, fua kimono, vazi la mchezo, kila baada ya zoezi, na mwenye choa akae nyumbani mpaka apone.