Jinsi mkopo wa pauni 500 ulivyozaa santuri ya kwanza ya Buzzcocks

MTAKA cha mvunguni sharti ainame. Vijana wanne wa jiji la Manchester, Uingereza, walilitambua hilo mwishoni mwa mwaka wa 1976 walipoamua kurekodi nyimbo zao bila kungoja kampuni yoyote iwaite.

Bendi yao ya muziki wa panki, Buzzcocks, ilikuwa imepanda jukwaani kwa mara ya kwanza Julai 20 mwaka huo. Howard Devoto alikuwa mwimbaji, Pete Shelley alipiga gita na Steve Diggle gita la besi, naye John Maher, kijana wa miaka 16, alipiga ngoma. Devoto na Shelley walikutana wakiwa wanafunzi katika chuo kimoja mjini Bolton.

Enzi hizo, njia ya kufikia santuri ilikuwa moja tu kwa wanamuziki wengi. Kampuni kubwa, nyingi zikiwa na makao jijini London, ndizo zilizolipia studio, uchapishaji na usambazaji, kisha zikajirudishia gharama kutoka kwa mauzo. Kwa kuwa ndizo zilizotoa fedha, ndizo pia zilizoamua ni nani arekodiwe na wimbo upi utolewe. Bendi isiyo na mkataba ilibaki kutumbuiza ukumbini, na nyimbo zake zikapotea pindi taa zilipozimwa.

Buzzcocks hawakuwa na mkataba, na wala hawakuwa na fedha. Walilazimika kukopa takriban pauni 500 kutoka kwa jamaa na marafiki. Sehemu ya fedha hizo ilitolewa na babake Shelley. Kwa familia ya kawaida ya wakati huo, hicho hakikuwa kitita cha kuchezea, na hapakuwa na hakikisho lolote kwamba kungepatikana wanunuzi.

Mnamo Desemba 28, 1976, waliingia katika studio ya Indigo mjini humo. Aliyesimamia kazi hiyo ni Martin Hannett, aliyejiita Martin Zero, ambaye baadaye angepata sifa kubwa kwa kutayarisha albamu ya kwanza ya Joy Division mwaka wa 1979. Kwa kuwa studio hulipiwa kwa saa, kila dakika ilikuwa na bei. Nyimbo nne zilirekodiwa kwa muda wa takriban saa tatu, na saa mbili zaidi zikatumiwa kuchanganya sauti, yaani kupima ni ala ipi isikike kwa nguvu na ipi irudi nyuma.

Uharaka huo haukufichwa. Jalada la santuri lilimweleza msikilizaji waziwazi kwamba wimbo 'Breakdown' ulipatikana katika jaribio la tatu bila kuongezewa chochote, ilhali nyimbo nyingine tatu zilinaswa katika jaribio la kwanza, kisha zikaongezewa sauti ya gita. Mtu aliyesoma maelezo hayo aliweza kuhesabu kazi yote kwa vidole vyake, na kujiuliza kwa nini naye asijaribu.

Hata hivyo, kurekodi ni nusu tu ya safari. Sauti iliyo katika utepe huchongwa kwenye sahani laini, ambayo hutumiwa kutengenezea mihuri ya chuma. Mihuri hiyo ndiyo hukandamiza plastiki iliyopashwa moto na kuacha mifereji ambayo sindano huifuata. Gharama kubwa huwa katika matayarisho hayo ya mwanzo. Ndiyo maana anayechapisha nakala chache huumia kuliko anayechapisha nyingi.

Buzzcocks waliagiza nakala 1,000. Ukigawanya mkopo wao kwa idadi hiyo, kila santuri iliwagharimu nusu pauni hivi. Picha ya jalada ilipigwa na meneja wao, Richard Boon, kwa kamera ya Polaroid, vijana hao wakiwa kando ya sanamu katikati ya jiji. Kampuni waliyoianzisha ili kuitoa santuri hiyo waliiita New Hormones.

Santuri hiyo, 'Spiral Scratch', ilitolewa Januari 29, 1977. Maduka ya muziki, likiwemo Rough Trade la London, yaliipokea, na nakala zote 1,000 zikanunuliwa. Nyingine zilichapishwa, hadi mauzo yakafikia takriban 16,000. Ilipotolewa upya mwaka wa 1979, ilifika nafasi ya 31 katika orodha ya nyimbo zilizouzwa zaidi Uingereza.

Ajabu ni kwamba Devoto hakungoja kuyaona matunda hayo. Aliihama bendi muda mfupi baada ya santuri kutolewa, kisha akaunda kundi la Magazine. Shelley alichukua nafasi ya uimbaji, na Agosti 16, 1977, Buzzcocks wakatia saini mkataba na kampuni ya United Artists. Safari hii, bendi ilikwenda mezani ikiwa tayari na ushahidi kwamba muziki wake unauzika.

Mbegu hiyo ilienea. Mwaka wa 1978, kundi la Scritti Politti lilijitolea santuri yake na kuchapisha kwenye jalada gharama zilizotumika, ili wengine wajue njia.

Shelley aliaga dunia Desemba 6, 2018, akiwa na umri wa miaka 63. Leo kijana mwenye kompyuta anaweza kurekodi wimbo chumbani bila kukodi studio wala kuchapisha sahani. Lakini swali lililowakabili wale wanne bado liko palepale: je, msanii angoje kuruhusiwa, au abebe mwenyewe deni na hatari yake? Mzee aliyemkopesha mwanawe mwaka wa 1976 alikuwa ameshalijibu.