REDIO NI MALI YA NANI?

Tangu sheria ya mwaka 1993 iwaruhusu watu binafsi kumiliki vituo vya redio, wananchi wa Jangwani na Kariakoo wamezoea kusikia kwamba kituo fulani kimepata mwenyewe mpya. Bango hubadilishwa, na wasikilizaji huambiwa wasiwe na wasiwasi. Sisi twasema yafaa kuuliza: huyo mwenyewe mpya amepokea nini hasa?

Tutazame redio yetu ya taifa. Ilianza mwaka 1951 kwa jina la Sauti ya Dar es Salaam, chini ya serikali ya kikoloni. Mwaka 1956 ikakabidhiwa shirika, Tanganyika Broadcasting Corporation. Mwaka 1965 Serikali ya wananchi ikalivunja shirika hilo, ikaiweka redio chini ya Wizara na kuiita Radio Tanzania Dar es Salaam. Mwaka 2007 likaundwa shirika jingine, nalo ndilo TBC ya leo.

Katika mabadiliko hayo yote, mitambo ilichakaa ikatupwa. Mali iliyodumu ni kanda. Katika miaka ya 1960 na 1970 nchi yetu haikuwa na kiwanda cha santuri, na studio ya Radio Tanzania ndiyo iliyokuwa tegemeo la bendi zetu. Mojawapo ni NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Baadaye iliitwa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Redio imebadili jina na bendi imebadili jina, lakini sauti za wale vijana zingali mle mle kandani.

Ndugu wafanyakazi, mchukuzi wa Kariakoo aliyebeba magunia asubuhi hadai sadaka jioni. Anadai ujira wake. Duka likiuzwa adhuhuri kwa tajiri mwingine, deni lake halifi. Kwa nini basi mpiga gitaa awe na haki ndogo kuliko mchukuzi? Sheria ya Haki Miliki na Haki Shiriki ya mwaka 1999 inamtambua mtunzi, tena inamtambua mwimbaji. Hata hivyo, sheria haiwezi kumlipa mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Kwa hiyo twashauri kwamba kituo chochote, kiwe cha umma au cha mtu binafsi, kisikabidhiwe kwa mwenyewe mpya kabla kanda zake hazijahesabiwa, na majina ya waliopiga na walioimba hayajaandikwa. Wazee wanaoyakumbuka majina hayo wanazidi kupungua, na wale waliobaki waitwe wasaidie kazi hiyo mapema. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Anayetaka kuurithi wimbo na aurithi pamoja na deni lake.