Moyo ukiziba: Kisu chaipisha waya

Dingi ameshika kifua, jasho linamtoka, naye anang'ang'ania eti ni gesi tu. Mnampa soda, mnamkanda mgongo, saa zinakatika. Kumbe mshipa unaolisha moyo wake umeziba, na kila dakika inayopita nyama ya moyo inakufa.

Zamani dawa ya kasheshe hiyo ilikuwa kisu. Mwaka 1967 daktari wa Kiargentina, René Favaloro, akiwa kazini Cleveland huko Marekani, alichukua mshipa wa mguuni akauunga moyoni ili damu ipite kando ya palipoziba. Kifua kinapasuliwa, mfupa unakatwa kwa msumeno, we acha tu! Mwaka 1977, mjini Zurich, Andreas Grüntzig akaja na jipya: alipenyeza kimrija chembamba hadi moyoni, akapanua palipobana kwa kiputo, mgonjwa yuko macho. Mwaka 1986, Toulouse, Ufaransa, ikaongezwa stenti, kijibomba cha wavu wa chuma kinachobaki humo ndani ili mshipa usijifunge tena.

Ukitaka kuona mambo yalivyogeuka, tazama Uingereza, ambako hospitali za umma hazidai pesa mlangoni. Miaka ya 1990 foleni ya kupasuliwa moyo ilikuwa balaa, wengine wakifia humo humo. Mwaka 2000 serikali ikaja na mpango wa kuikata. Miaka michache baadaye waya ikawa imekipita kisu, na mwishoni mwa miaka ya 2010 waliotibiwa kwa waya walikuwa karibu laki moja kwa mwaka. Kisu hakijafa lakini. Mwenye kisukari na mishipa kadhaa iliyoziba, mara nyingi bado kinamfaa zaidi.

Na sisi je? Enzi zile ukiambiwa moyo, familia ilianza kuwaza pasipoti ya India. Muhimbili ikaanza kupasua moyo mwaka 2008, na mwaka 2015 ikazaliwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, palepale Upanga, mali ya serikali. Waya wanayo, kisu wanacho.

Ila usidhani stenti ni pambo la kila mwenye mshiko. Utafiti uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kuwa kwa yule anayebanwa tu akipanda ngazi, kisha akipumzika anatulia, stenti haikupunguza vifo kuliko dawa nzuri peke yake. Na aliyewekewa lazima ameze vidonge vya kuzuia damu isigande kwa miezi kadhaa. Akiviacha mapema kwa kujiona fiti, stenti inaweza kuziba ghafla, na hapo ni noma.

Aliyebanwa ghafla kama dingi wetu ndiye waya inayemwokoa hasa, tena ndani ya saa chache za mwanzo. Gesi imeshakula mbili. Sasa mtoe Mbagala umfikishe Upanga, saa kumi na moja jioni, siku ya mvua.