Chuchu iliyozama ndani: Uliza kwanza ilianza lini

Wasichana wengi wanaofika kliniki hapa Manga wakilalamikia matiti hawana ugonjwa. Kinachowasumbua ni umbo: chuchu zimezama ndani, au lile duara jeusi linalozizunguka ni pana kuliko wanavyopenda. Siku hizi wengine huuliza mahali wanapoweza kupasuliwa jijini Nairobi ili umbo hilo lirekebishwe.

Si rahisi kuuliza swali hili nyumbani. Kwa Abagusii, chinsoni humzuia binti kuzungumza na wazazi wake kuhusu maungo. Nyanya ndiye wa kuulizwa, lakini watoto wa mjini wako mbali na nyanya, na hubaki kusikiliza wenzao wa bweni.

Je, ni ugonjwa?

La. Chuchu iliyozama tangu utotoni au tangu kubaleghe ni umbile tu. Mara nyingi mirija ya maziwa ni mifupi, au kuna nyuzi zinazoivuta ndani. Ukibana kando ya chuchu kwa vidole viwili ikatokeza, hali si nzito.

Upana na weusi wa duara hutofautiana kati ya mwanamke na mwanamke, na huongezeka wakati wa ujauzito. Vile vipele vidogo vilivyomo ni tezi zinazotoa mafuta ya kulainisha ngozi. Usivikamue.

Kisu kina gharama yake

Upasuaji wa chuchu kwa kawaida hufanywa kwa ganzi ya mahali hapo tu. Daktari akikata mirija, chuchu hukaa nje, lakini huenda titi hilo lisiweze tena kunyonyesha. Zipo mbinu za kulegeza nyuzi bila kukata mirija yote, ila chuchu inaweza kuzama tena.

Kupunguza duara ni kukata ngozi pande zote na kuishona. Hisi za chuchu zinaweza kupungua, na ngozi nyeusi kama yetu ina mwelekeo wa kuota makovu yaliyovimba.

Kwa hivyo, ambaye hajamaliza kuzaa ni heri asubiri. Akiamua kupasuliwa, ahakikishe daktari ni mtaalamu aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC.

Mama anayenyonyesha

Usikate tamaa. Mtoto hanyonyi chuchu peke yake. Hushika sehemu kubwa ya lile duara mdomoni. Utafiti uliofanywa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990 haukuona faida ya kuvuta chuchu wakati wa ujauzito. Msaada unaofaa ni ule wa baada ya kujifungua: mwombe muuguzi akuonyeshe jinsi ya kumshikiza mtoto vizuri.

Chuchu ikikataa kutokeza, chukua bomba jipya la kudungia dawa la mililita 20, bila sindano. Kata ncha ya mbele, kisha ingiza kijiti chake cha kusukumia kupitia upande huo uliokatwa. Weka upande laini kwenye titi, uvute taratibu kwa nusu dakika hadi dakika moja kabla ya kunyonyesha. Ukisikia maumivu, legeza.

Wakati wa kuharakisha

Jambo ni tofauti kabisa ikiwa chuchu ilikuwa nje miaka yote, na sasa imeanza kuvutwa ndani, hasa ya upande mmoja. Hiyo inaweza kuwa dalili ya saratani, na saratani ya matiti ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Kenya. Dalili nyingine ni donge, damu inayotoka kwenye chuchu, ngozi ya titi inayofanana na ganda la chungwa, na kidonda au ukurutu wa chuchu usiopona.

Mwenye dalili hizi asitafute mrembeshaji wala kungoja iume. Donge la saratani mara nyingi halina maumivu mwanzoni. Aende hospitali wiki hiyo hiyo, iwe ya Manga, Nyamira au ya rufaa mjini Kisii, akapimwe. Saratani iliyogunduliwa mapema hutibika.