Gari Likokotwalo Lahitaji Breki Zake

Apitaye barabara kuu kati ya Ruiru na Thika aghalabu huona gari likikokota jingine. Hapa trekta lavuta tela la mzigo. Pale motakaa iliyoharibika injini imefungwa kamba nyuma ya lori, yapelekwa kwa fundi. Tangu barabara hiyo ilipopanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2012, magari huweza kwenda mbio zaidi, na atakaye kukokota hana budi kufikiri kwanza.

Watu wengi huuliza kama injini itaweza kuvuta. Ni wachache waulizao kama breki zitaweza kusimamisha. Breki za gari zimepimwa kwa uzito wake na mzigo wake tu. Motakaa ya kilo 1,500 ikifungiwa nyingine ya uzito huo huo isiyo na breki, breki zile zile yazipasa kuzuia kilo 3,000. Kama peke yake ingesimama kwa mita 15 tangu breki ziliposhika, sasa yataka 30 hivi. Tena mwendo ukitoka kilomita 40 kwa saa ukafika 80, masafa hayo huzidi mara 4, wala si mara 2.

Kamba nayo huvuta tu, haizuii. Wa mbele akipunguza mwendo, wa nyuma humjia mgongoni. Basi aketiye nyuma awe dereva hasa, si mtoto wala utingo asiyejua kazi. Na ajue kwamba injini ikiwa imezimika, breki huwa ngumu mguuni na usukani huwa mzito. Ufunguo nao usiachwe mahali pa kufunga usukani. Chuma kigumu chafaa kuliko kamba, kwa kuwa huzuia magari yasigongane, lakini uzito haukipunguzi hata kidogo.

Huko Marekani wako wasafirio katika magari makubwa kama nyumba, yenye vitanda na jiko, na nyuma yake hukokota motakaa ndogo. Hao hutia chombo mbele ya kiti cha dereva wa ile motakaa. Gari kubwa lipunguzapo mwendo, chombo hicho hukanyaga breki chenyewe. Upo pia waya mwembamba ambao, kiungo kikikatika, hufyatuka na kushikisha breki.

Matela ya malori yetu makubwa yana akili hiyo hiyo, kwa njia ya upepo. Mpira wa upepo ukikatika, breki za tela hushika zenyewe. Kwa hiyo wale wamwagao upepo wa tela ili litembee bila kuunganishwa mipira hufanya jambo baya mno: tela lao ni mzigo mtupu usiozuilika.

Kutoka Juja kwenda Thika, njia huteremka kwenye daraja la mto Ndarugu. Akokotaye gari na aingize gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka, asingoje afike katikati.