Gobore: Kazi ya Mhunzi, Seremala na Sonara

UKIINGIA Ndia Kuu, Mji wa Kale wa Mombasa, ukitokea Fort Jesus, utaiacha nyuma mizinga ya ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593. Mbele yako ni milango ya nakshi na roshani za mbao. Chuma kule, mbao huku. Lakini zamani fani hizo mbili zilikutana katika chombo kimoja: gobore.

Gobore ni bunduki inayoshindiliwa kupitia mdomoni, sawa na ile mizinga ya Fort Jesus. Mpigaji humimina baruti katika kasiba, hutia risasi ya mviringo, kisha huisukuma kwa mdeki, ule ufito mrefu unaochomekwa chini ya kasiba. Akishapiga mara moja, huanza tena upya.

Kiswahili chenyewe kimetuhifadhia historia yake. Bunduki ya mrao iliwashwa kwa utambi. Ya gumegume ilitegemea cheche za jiwe. Ya fataki ilipasuliwa kwa pigo la mtambo. Baadaye ilikuja ya viasi, ambamo risasi na baruti vimefungwa pamoja, na enzi ya gobore ikaanza kufifia. Huko Oman bunduki ya mrao, iitwayo Abu Fatila, ilidumu hadi karne ya 20, nyingine zikivishwa fedha.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Mhunzi wa zamani alikunja bapa la chuma cha moto kuzunguka ufito, akaliunga kwa nyundo hadi likawa kasiba. Seremala alichonga tako, akifuata mkondo wa mbao ili lisipasuke kwa kishindo. Mwisho alikuja sonara na mapambo yake. Bunduki bora zaidi zilichongwa pia mifereji ya kuzunguka ndani ya kasiba, ili risasi ijizungushe na kwenda mbali bila kuyumba.

Mifereji hiyo haikuwa jambo dogo. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mwanya kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji. Basi Mwafrika akabaki na gobore, mkoloni akiwa na bombomu. Katika Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, magobore na mikuki vilikabili bunduki za rashasha za Wajerumani. Matokeo yake twayajua.

Leo nchini Marekani wapo watu wanaounda bunduki za aina hii nyumbani kwa kujifurahisha, na chama chao cha kitaifa kilianzishwa mwaka 1933. Kwetu mambo ni tofauti. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, hairuhusu mtu kuunda bunduki bila idhini. Kijana anayedhani atajaribu kwa siri na akumbuke kwamba bomba la maji liliundwa kupitisha maji, si kuhimili mlipuko. Likipasuka, hupasuka karibu na uso na vidole vya aliyelishika.

Na je, kama nyumbani kwenu kuna bunduki ya babu, imetundikwa ukutani au imefichwa juu ya kabati? Msiichezee. Baruti nyeusi ikikaa pakavu huweza kuhifadhi nguvu zake kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 2008, katika jimbo la Virginia, Marekani, kombora la mzinga lililosalia tangu vita vya 1861 hadi 1865 lilimlipukia mtu aliyekuwa akilishughulikia nyumbani kwake, likamuua. Bunduki ya zamani nayo yaweza kuwa ilishindiliwa na mwenyewe akafariki bila kuipiga. Waondoeni watoto, msivute mtambo, msiipashe moto, na waiteni polisi waje kuitazama pale ilipo.

Kwa kijana mwenye mikono ya ufundi, urithi wa gobore haumo katika baruti. Umo katika patasi, nyundo na subira. Ile mikono iliyojua kuchonga tako ndiyo inayohitajika leo kutengeneza milango ya Ndia Kuu inapooza. Kazi hiyo haihitaji leseni ya silaha, na mlango mmoja mzuri hudumu kuliko maisha ya aliyeuchonga.